Sahani ya mjomba isiyo na wimbo: nani anamjua Lord Buckley?

BintiKibokoni

Hamjambo wote, na wazee shikamoo. Nimejiunga humu hivi karibuni na nimesoma sana kabla ya kuandika, kwa sababu naona kuna watu wanaozijua santuri kuliko mimi.

Hapa mbele yangu pana sahani moja ya inchi 12. Ni ya marehemu mjomba wangu. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, akatoka Kilindini mara ya kwanza mwaka 1955, akarudi moja kwa moja 1971 baada ya kuvunjika nyonga. Aliacha sanduku la mbao lenye kufuli la shaba, na ndani yake sahani 31. Thelathini nazijua, nimekua nazo: Armstrong, Ellington, Ella Fitzgerald, Siti binti Saad mbili zenye mikwaruzo, na kadhaa za Kikongo. Hii ya thelathini na moja haina wimbo hata mmoja. Ni mwanamume anazungumza, pande zote mbili, na watu ukumbini wanacheka.

Jalada liliwahiwa na mchwa. Kilichosalia ni karatasi ya katikati: jina la kampuni, World Pacific, na jina Lord Buckley.

Niwaeleze inavyosikika. Anaanza kwa sauti ya bwana mkubwa wa Kiingereza, kama hakimu wa zamani aliyevaa wigi, kila neno limenyooka. Halafu katikati ya sentensi sauti inashuka, inakuwa nzito na yenye mkwaruzo, na ukiwa chumba cha pili utaapa ni Armstrong. Kiingereza changu ni cha shule na cha ofisini, na hiki kinanipita. Nimeambulia kisa cha mtu asiyekunywa aliyewekwa kulinda mtambo wa shemeji yake wa kupikia pombe porini. Akaonja, akalewa, akatokewa na dubu. Nimeambulia pia kwamba kuna kipande kinamhusu Shakespeare, na kuna kingine ambacho hakuna mtu anayecheka, ukumbi umenyamaza kimya.

Ijumaa baada ya Alasiri mjomba alikuwa akiweka gramafoni ya umeme dirishani, yeye akakaa nje barazani na kikoi chake, mguu mbovu ameuegemeza juu ya kibao cha mbuzi. Sahani za nyimbo alizipiga kwa ajili yetu sisi watoto. Hii aliipiga kwa ajili yake. Kwanza mabega yalianza kutikisika bila sauti, kisha pumzi ikamkatika, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kikoi. Siku moja nikamuuliza, "Mjomba, mbona huyu haimbi?" Akanijibu, "Anaimba, mwanangu. Tega sikio."

Yeye mwenyewe alikuwa msimulizi. Kisa cha Nabii Yunus alitupa kwa lugha ya makuli wa bandarini: Yunus kapangiwa kazi kaikimbia, kakamata meli bila karatasi, mawimbi yakaja, mabaharia wakamtosa. Ndani ya tumbo la samaki akakaa kwenye ubavu, akapapasa mfukoni, akawasha sigara, samaki akapaliwa na moshi. Hapo mjomba alikohoa kikohozi cha samaki mkubwa hata kuku wa jirani wakatawanyika. Bibi akipiga kelele kutoka jikoni, "Wewe! Usimtie Nabii wa Mungu sigara mdomoni!" naye akiendelea.

Basi naomba kujua: Lord Buckley ni nani? Mbona kila ninayemuuliza hamjui? Na mtu aliyesoma chuo cha Qur'ani tu, Kiingereza chake cha gatini, alikuwa akicheka nini kwa miaka yote ile?

SindanoYaAlmasi

Marahaba, binti yangu. Nilikuwa fundi mitambo wa studio ya redio Dar es Salaam kwa miaka 26, na huyu bwana nilimsikia mara ya kwanza kwenye utepe uliokuja umechanganyika na vitu vingine. Niliurudisha mwanzo mara nne usiku ule. Sijawahi kukutana na mtu wa kuzungumza naye habari zake, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Jina lake halisi ni Richard Myrle Buckley. Alizaliwa 5 Aprili 1906 Tuolumne, California, mji wa wakata mbao na wachimba dhahabu milimani. Baba alitoka Uingereza. Ule ubwana hakupewa na mfalme yeyote, alijivika mwenyewe, na hakuwabania wengine: mkewe, Elizabeth, aliyekuwa mcheza dansi, alimwita Lady, na marafiki wote walipewa vyeo vya kifalme. Akipanda jukwaani na suti ya jioni na masharubu yaliyopakwa nta, aliwaita wasikilizaji mabwana na mabibi wakuu, na ukisikiliza vizuri hasemi kwa kebehi. Aliamini mtu aliyelipa nauli yake kuja kumsikiliza anastahili kuitwa hivyo.

Koo lake lilifundishwa mahali ambapo leo watu hawapajui. Miaka ya 1930, ukata ulipoikumba Marekani, kulikuwa na mashindano ya kucheza dansi mfululizo, siku kwa siku, wiki kwa wiki. Watu wasio na kazi walicheza wakisinzia mabegani mwa wenzao, kwa ajili ya chakula na tumaini la zawadi. Buckley alikuwa mshereheshaji wa mashindano hayo. Fikiria kazi hiyo: ni saa tisa usiku, wachezaji wanaburura miguu, na wewe kipaza sauti mkononi unatakiwa watazamaji wasiondoke. Huna maandishi. Una mdomo tu.

Baadaye akaingia vilabu vya Chicago, kati ya wapiga jazi. Inasimuliwa kwamba Al Capone mwenyewe alimpenda. Alizunguka na bendi ya Gene Krupa na ya Woody Herman, na wakati wa vita akaenda kuwatumbuiza wanajeshi. Hapo ndipo lugha ya wanamuziki weusi ilipomwingia. Haikuwa maneno peke yake, ilikuwa namna ya kukaa ndani ya sentensi. Mimi kama fundi wa sauti nakuomba usikilize pumzi zake. Anafika ukingoni mwa neno anasimama, anawaacha wasikilizaji wakianguka mbele, ndipo analitamka. Mpiga tarumbeta anafanya vilevile na noti. Mjomba wako hakukudanganya aliposema anaimba.

Sahani yako, kama ina dubu, ina kisa cha reli na ina Shakespeare, basi ilirekodiwa Ivar Theatre, Los Angeles, Februari 1959, mbele ya watu. Kabla ya hapo kampuni kubwa ya RCA Victor ilimtolea sahani mwaka 1955. Televisheni ilimwita mara kadhaa. Mchekeshaji Groucho Marx alimhoji kwenye kipindi chake mwaka 1956. Lakini televisheni ilitaka dakika nne za kuchekesha, na Buckley mpaka dakika ya nne ndiyo kwanza anakohoa kusafisha koo.

Kwa nini amesahaulika? Wauza santuri hawakujua wamweke rafu ipi. Waliotaka vichekesho walimwona ni jazi, na waliotaka jazi walimkuta hana hata ngoma. Akafa 12 Novemba 1960 akiwa na miaka 54, kabla vijana waliokuwa wakimwigiza hawajapata majina. Bob Dylan alikuwa akikiimba kisa chake kimoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jalada la santuri ya Dylan ya 1965 linaonyesha sahani ya Buckley imewekwa nyuma yake. George Harrison mwaka 1976 alitunga wimbo kwa jina la nyumba aliyowahi kuishi Buckley, Crackerbox Palace. Watu wakaimba jina la nyumba bila kumjua aliyelala humo.

MwalimuMstaafu_Moro

Nimesoma maelezo ya Mzee Sindano kwa furaha kubwa. Niongeze hapo kwenye Shakespeare, maana hapo ni nyumbani kwangu. Nimefundisha fasihi miaka 33.

Wengi humu tumeikariri ile hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaizari, kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere aliyeutafsiri mchezo ule, tafsiri ikachapishwa 1963 na kisha ikatoka tena imerekebishwa 1969. Mwalimu alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba maneno ya mfalme. Buckley aliichukua hotuba ileile akaifanyia safari ya upande wa pili: aliitoa kwenye ukumbi wa mfalme akaipeleka kijiweni, kwa lugha ya wapiga jazi wa usiku wa manane. Shakespeare mwenyewe alimpa jina la utani, Willie, kana kwamba ni jamaa wa mtaani anayeandika vizuri.

Antoni wa Shakespeare anawaomba Warumi masikio. Buckley haombi masikio, anaomba ile nyama laini ya chini ya sikio. Niliposikia hivyo nilisimama kitini. Lugha yetu ina neno lake kabisa: ndewe. Na tunasema mtu fulani hasikii la ndewe wala la sikio. Kwa hiyo mstari ule unahamia kwetu bila kupoteza kitu: "Masela, wazee wa kazi, nanyi wapiga vidole, nikopesheni ndewe zenu!"

Mwaka mmoja nilimpa kijana wa kidato cha tatu, mkimya anayekaa dirishani, aitafsiri hotuba hiyo kwa lugha ya stendi. Alikuwa mtoto wa kondakta. Darasa lilianza kucheka alipotamka mstari wa kwanza. Pale Antoni anaporudia kwamba Bruto ni mtu mwenye heshima, kijana akasema, "Na Bruto ni mwamba." Wakacheka. Mara ya pili, "Na Bruto, si mnajua, ni mwamba," wakacheka kidogo. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Walikuwa wameelewa kwamba Bruto anachinjwa mbele yao kwa neno la sifa. Nilikuwa nimejaribu kuwafundisha jambo hilo kwa wiki mbili ubaoni.

Ndiyo maana napingana na wanaomwita mtu huyu mdhihaki. Hotuba haipungui. Kila hatua ya Antoni ipo mahali pake. Ana kipande kingine juu ya Yesu, ambaye amemwita The Nazz kwa sababu ya Nazareti, na humo kuna dhoruba ya ziwani, kuna kilema anayenyooshwa, kuna umati unaolishwa. Ana kingine juu ya Gandhi: wanamuziki wamemkusanyikia wakampigia kila chombo, wakamuuliza anakipenda kipi zaidi, naye akajibu gurudumu la kusokotea pamba. Nilikisikiliza siku ya mapumziko, mke wangu akauliza kwa nini natabasamu na machozi yananitoka.

Otieno_NJ

Wazee shikamoo, dada habari. Naandika kutoka Newark, New Jersey. Nilikuja huku 1998. Napenda mnavyomkumbuka huyu mtu, lakini tusiruke jambo moja, na nalisema kwa uzito wake.

Buckley alikuwa Mzungu. Ile sauti yenye mkwaruzo, lile neno linalochelewa, ni mali ya watu weusi wa Marekani, ambao wakati huohuo hawakuweza kula kwenye hoteli nyingi alizofanyia kazi. Onyesho lililompa jina kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan lilikuwa hivi: anaita watu wanne kutoka ukumbini, anawakalisha kwenye viti vinne, yeye anasimama nyuma yao. Akimgusa mmoja mgongoni, mtu anafumbua na kufumba mdomo, na Buckley anatoa sauti. Ufundi mkubwa, siukatai. Lakini sauti alizotoa ni za Amos 'n' Andy, kipindi cha redio kilichoanza 1928 ambamo Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, waliwaigiza watu weusi kama watu wa kuchekwa. Kilipopelekwa televisheni 1951, NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, walipinga wazi, hata kama safari hii waigizaji walikuwa weusi. Niliona picha zake nikazima. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni yangu na sikutaka anione nikicheka.

Na kama tunataja waliosahauliwa, tumtaje Moms Mabley. Mwanamke mweusi kutoka Brevard, North Carolina, aliyepanda jukwaani kwa miongo na gauni la nyumbani, kofia ya kufinyangika na mdomo usio na meno, akasema mambo ambayo mwanamke kijana angepigwa kwa kuyasema. Ukumbi wa Apollo wa Harlem ulikuwa kama sebule yake. Sahani zake zilianza kutoka wakati Buckley anakufa, yeye akiwa na zaidi ya miaka sitini, na ukumbi mkubwa wa Carnegie Hall alifika 1962. Yeye hakuhitaji kuiga sauti ya mtu.

Sasa upande wa pili, maana nao ni wa kweli. Dada, kile kipande ambacho hakuna anayecheka kinaitwa Black Cross. Hakukitunga yeye, ni shairi la Joseph S. Newman, ami yake yule mwigizaji Paul Newman. Ni habari ya Hezekiah Jones, mkulima mweusi wa Arkansas, maskini, anayehifadhi vitabu kabatini na kuvisoma. Majirani Wazungu wanamvumilia. Anakuja mhubiri kumhoji kuhusu imani yake, naye anajibu ukweli kwamba haamini asichokielewa. Wanamnyonga. Wanaondoka wakisema ilimstahili, hakuwa na dini. Buckley anakisoma kwa sauti ya chini, bila kupamba, mbele ya watu waliokata tiketi ya kuchekeshwa, 1959. Hiki nakipiga. Nimempigia binti yangu pia, alipofikisha miaka kumi na tano, na tulizungumza hadi chakula kikapoa.

Kuna jambo Mzee Sindano amelipita, la jinsi alivyokufa. New York, kuanzia 1940, mtu yeyote aliyetaka kufanya kazi mahali panapouzwa pombe, awe mwimbaji, mhudumu au mpishi, alilazimika kuwa na kadi ya polisi yenye picha yake. Alipigwa chapa za vidole. Polisi wakisema kadi imeondolewa, kazi imeisha. Billie Holiday alinyang'anywa yake 1947, na ndiyo maana mwaka uliofuata aliimba Carnegie Hall, pasipouzwa pombe, lakini klabu ya mtaa wa pili hakuruhusiwa. Thelonious Monk alikaa bila kadi kuanzia 1951 hadi 1957, miaka sita ya mpiga piano wa kiwango kile kufungiwa mjini kwao.

Buckley alikuja New York 1960 kufanya onyesho kwenye klabu ya Jazz Gallery. Oktoba wakamwondolea kadi, kwa sababu ya kukamatwa zamani ambako hakukuandika kwenye fomu. Mwandishi Harold Humes alikusanya watu kumtetea. Kabla mambo hayajaisha, Buckley akapata kiharusi akafa. Kelele za kifo chake ziliendelea, na kadi zenyewe zilifutwa 1967.

Babu yangu mzaa baba alivaa kipande, kile kitambulisho cha enzi za mkoloni, shingoni ndani ya kopo la bati, chapa za vidole vyake zikiwa ndani, na hakuweza kuajiriwa bila Mzungu kukitia sahihi. Niliposoma kuhusu kadi ya New York nilimfikiria yeye, wala sikumfikiria Mzungu mwenye masharubu ya nta. Lakini nimeandika ili mjue kwamba chuma kilekile kiliwashika wote wawili.

BintiKibokoni

Sijui niwashukuruje. Nimeyasoma haya mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea dada yangu kwa simu.

Kaka Otieno, ahsante kwa kutoficha. Sasa nimeelewa jambo lililonisumbua tangu utotoni. Kilipofika kipande kile cha kimya, mjomba alikuwa akitutoa barazani. Kila mara. Atatoa sarafu kwenye tundu la kikoi atutume mabuyu kwa Mzee wa duka la kona, na duka halikuwa mbali, kwa hiyo tulikuwa tukirudi tunamkuta amekaa na sahani inazunguka kimya, sindano imefika katikati. Tulidhani hataki tumwone akila mirungi. Kumbe alikuwa na Hezekiah.

Mwalimu, mjomba alikuwa na neno "ndewe" mdomoni daima. "Lete ndewe hapa nikwambie." Sijui kama alilitoa kwa bibi au kwa Shakespeare wa Marekani, na nimeamua yote mawili ni sawa.

Mzee Sindano, sahani ni hiyohiyo ya Ivar Theatre. Reli ipo, na hata kisa cha simba kimo.

SindanoYaAlmasi

Binti yangu, nilikuwa nimezima kompyuta nikairudia, kwa sababu kuna kitu ulikiandika mwanzoni nikakipita haraka. Kile kisa cha Nabii Yunus.

Buckley ana kipande cha Yona na nyangumi, cha miaka hiyohiyo ya 1950. Hakimo kwenye sahani yako. Nimekisikiliza tena usiku huu ili nisiseme uongo. Yona yumo tumboni mwa samaki, gizani, anajitafutia namna ya kutulia. Anawasha chake, na sigara yenyewe si ya kawaida, ni bangi. Moshi unampanda samaki kichwani. Samaki anakohoa na kuanza kuzungumza na mtu aliye ndani yake. Mwishowe anamtoa kwa kishindo.

Kwa hiyo mjomba wako alikijua. Alikisikia mahali fulani, akakibeba baharini, akakifikisha Kibokoni, akampa jina la Qur'ani na akaibadili bangi kuwa sigara kwa heshima ya watoto. Hiyo ni tafsiri, Mwalimu atanisahihisha kama nakosea.

MwalimuMstaafu_Moro

Hukosei hata kidogo. Na wala hakuwa na kamusi.

BintiKibokoni

Nimesubiri siku kumi kabla ya kuandika hili, nilitaka kwanza nifike Mombasa.

Mkaza mjomba yungali hai, ana miaka 84. Macho yamepungua, masikio yake ni mazima. Jumapili nilikaa naye ukumbini, nikamwekea Yona wa Buckley kwenye simu, nikaiegemeza simu kwenye birika ili sauti itoke vizuri. Sikumwambia ni nini. Kiingereza hajui, hajawahi kukijua.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vinahesabu tasbihi. Dakika ya kwanza hakusema kitu. Kisha nikaona tasbihi imesimama. Sauti ya Buckley ilikuwa imeshuka chini kabisa, anavuta maneno, na mkaza mjomba akanyanyua mkono akasema, "Ngoja. Sasa samaki anapaliwa." Haukupita muda, Buckley akakohoa.

Nilishindwa kuzungumza. Yeye alicheka, kicheko chepesi cha kike nilichokuwa nimekisahau, kisha akaniambia mambo ambayo kwa miaka hamsini hakuna aliyemuuliza. Mjomba alikuwa na rafiki Brooklyn, Mmarekani mweusi, kuli wa gatini. Meli ikitia nanga alikuwa akienda kula kwake. Sahani ya Yona ilikuwa ya rafiki huyo na hakukubali kuiuza kwa bei yoyote. Mjomba akaisikiliza kila safari mpaka akaishika kichwani, kisha akazunguka maduka kuitafuta asiipate, akapata hii ya dubu, akainunua kwa kuwa ni sauti ya mtu yuleyule. Mkaza mjomba anasema usiku wa kwanza aliporudi alimsimulia kisa chote chumbani, na alimkataza kukohoa kwa sababu mtoto amelala.

Nilimwambia msimulizi ni Mzungu. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi nimemsikia mjomba wako tu."

Kaka Otieno, nilimweleza pia habari za kadi na za kipande cha babu yako. Amesema nikusalimie na nikwambie kwamba baba yake mwenyewe alikuwa nacho, na kopo lake walilitumia baadaye kuwekea sindano za kushonea.

Wapo walionitumia ujumbe pembeni kutaka kuinunua sahani. Haiuzwi. Lakini nataka kuihamisha iingie kwenye kompyuta kabla haijaharibika, na nahitaji ushauri. Mchwa hawakuifikia, ila ina vumbi gumu ndani ya mifereji na upande wa pili unatatarika kama mafuta ya moto.

SindanoYaAlmasi

Usiiguse kwa spiriti wala kwa kitambaa cha jikoni. Chukua maji yaliyochemshwa mvuke, yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, tone moja la sabuni isiyo na rangi, na brashi laini sana. Fuata mfereji kwa mzunguko, usikate katikati. Karatasi ya katikati isilowe. Iache ikauke imesimama kivulini. Usiweke kwenye ile gramafoni ya marehemu kabla hujabadilisha sindano, maana ya zamani itakuwa imechongoka na itakwangua kilichobaki.

Ukimaliza upande wa kwanza, nirekodie hata dakika mbili, pale anapokuja dubu.

BintiKibokoni

Nimepata maji ya betri. Naanza kesho asubuhi, mkaza mjomba amesema atashika taulo.